KIPIMO KISEMAPO UONGO ANGANI

Kila mkulima wa korosho wa Masasi, Newala na Tandahimba aijua mizani. Aijua kuliko karani aisomaye, maana karani huisoma kwa ajili ya mshahara wake, na mkulima huitazama kwa jasho la mwaka mzima. Gunia likiwekwa juu ya mizani na namba ikatokea pungufu ya ile iliyotazamiwa, mkulima hasemi kwamba korosho zimeyeyuka njiani, husema, "Tulipime mahali pengine." Na wale waliopata kuuza kwa kangomba, yaani kwa kipimo cha mnunuzi wa kichochoroni nje ya ghala la chama cha msingi, wanalijua jambo hili kwa uchungu zaidi.

Nimeikumbuka mizani kwa sababu ya safari moja ya ndege. Miaka michache iliyopita niliondoka Dar es Salaam asubuhi kwenda Mtwara. Hata robo saa haikutimia tangu kuruka, tukiwa bado twapanda, ndege ikalala ubavu kidogo, ikageuka taratibu, na jua lililokuwa likituangaza upande wa kushoto likahamia upande wa kulia. Wengi hawakutambua mpaka iliposikika sauti ya rubani mkuu. Alisema maneno machache: kipimo kimoja katika chumba cha mbele hakikubaliani na vingine, ndege yaruka vema, hata hivyo tunarudi.

Manung'uniko yakaanza. Mfanyabiashara mmoja wa Masasi, mtu mnene mwenye sauti ya sokoni, akasema kwamba gari lake lina miaka sita saa ya mafuta haifanyi kazi, na Masasi anafika kila wiki. Watu wakacheka, nami nikacheka. Karibu yangu alikuwa ameketi mzee wa Newala, amevaa kanzu na kofia, ambaye alikuwa amenieleza tangu chini kwamba anakwenda kumzika dada yake, na maziko ni baada ya sala ya alasiri. Yeye hakucheka. Alimgeukia yule mfanyabiashara akamwambia, "Mwanangu, gari lako likikosea unashuka."

Maneno hayo yalimaliza kicheko. Walakini yalinipa hamu ya kujifunza ni jambo gani hasa linalotendeka mbele, nyuma ya ule mlango uliofungwa, wakati kipimo kimoja kinapoanza kusema lake. Niliyoyasoma tangu siku hiyo nawaletea hapa wasomaji, kwani naona yanawahusu wafanyakazi wa kila namna, na si marubani peke yao.

Yapasa ieleweke kwanza kwamba rubani hana barabara. Dereva huuona mti ukipita akajua anakwenda. Rubani aliye katika wingu au katika giza haoni kitu. Wala mwili wake haumsaidii. Ndani ya sikio la binadamu mna majimaji yanayomjulisha kama amesimama wima au ameinama. Ndege ikilala ubavu polepole, majimaji hayo hayasikii kitu, na mtu ataapa kwamba yu sawa kumbe yuaelekea kupinduka. Ndivyo ilivyotokea usiku wa kuamkia tarehe 5 Mei 2007, ndege ya Kenya Airways ilipoondoka Douala, Kameruni: ililalia upande kidogo kidogo bila marubani kutambua, ikaanguka, na watu wote 114 wakafa. Vipimo vyake vilikuwa vizima, havikusomwa.

Kwa hiyo, tangu siku za ndege za Dakota, zile za East African Airways ambazo wazee wetu waliziona zikitua Mtwara, Lindi na Nachingwea katika miaka iliyofuata mpango wa karanga, rubani amefundishwa kuamini vipimo kuliko tumbo lake. Mbele yake vimo vipimo vya lazima: cha mwendo, cha kimo, cha kupanda na kushuka, cha mwelekeo, cha kugeuka, na kile kinachoonyesha kama pua iko juu au chini na mbawa ziko sawa au zimelala. Ndege za leo zimeviweka vyote katika kioo kimoja kama televisheni, lakini mambo ni yale yale.

Sasa, mtu aliyefundishwa kuamini vipimo afanye nini siku kipimo chenyewe kinapodanganya? Hapo ndipo penye shida yote.

Chukueni kipimo cha mwendo. Hakuna kitu kilicho sahili zaidi. Mnamo mwaka 1732 mhandisi Mfaransa aitwaye Henri Pitot alitumbukiza mrija uliopindwa katika mto Seine mjini Paris, mdomo ukiukabili mkondo. Maji yakapanda ndani ya mrija kwa kadiri ya nguvu ya mkondo. Ndege ina mrija huo huo, umetokeza karibu na pua, nao hupokea upepo badala ya maji. Ubavuni mwa ndege mna vitundu vingine vinavyopokea hewa iliyotulia. Tofauti ya hewa hizi mbili ndiyo inayokuwa mwendo mbele ya macho ya rubani. Mdomo wa mrija huo haufiki upana wa ncha ya kidole, na huchemshwa kwa umeme ili barafu isiuzibe. Ndege kubwa hubeba mirija mitatu: mmoja wa rubani mkuu, mmoja wa rubani msaidizi, na mmoja wa akiba. Yaani ni mizani tatu, na sababu yake ni ile ile ya mkulima.

Na adui wa mrija huu ni mdudu. Kila mtu wa kusini amewahi kumwona nyigu ajengaye kwa udongo katika tundu la kitasa au kwenye boriti ya paa. Nyigu hajui thamani ya ndege. Aonapo tundu la kipimo kinachomfaa, hujenga. Tarehe 6 Februari 1996 ndege aina ya Boeing 757 iliyokuwa imekaa siku kadhaa katika kiwanja cha Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, bila kufunikwa mirija yake, iliondoka usiku ikiwa na watu 189. Wachunguzi waliona kwamba mrija wa upande wa rubani mkuu ulikuwa umezibwa, na waliowashuku zaidi ni nyigu.

Uongo wa mrija ulioziba ni wa hila sana. Hewa iliyonaswa ndani haitoki. Ndege ipandapo na hewa ya nje ikapungua, kipimo huona tofauti ikikua, nacho hutangaza kwamba mwendo unaongezeka. Ndege yaenda polepole, na kipimo chasema yaenda mbio. Mtambo wa kujiendesha, ambao ulikuwa ukisikiliza upande wa rubani mkuu, ukainua pua ili kupunguza mwendo ule usiokuwako. Mbawa zikakosa upepo wa kuzibeba, ndege ikaporomoka baharini. Hakusalimika mtu. Na kipimo cha rubani msaidizi, kilichokuwa hatua moja tu kutoka pale, kilikuwa kikisema kweli muda wote.

Lenye kuhuzunisha ni kwamba kasoro ile ilionekana ndege ikiwa bado chini. Wakati wa kuondoka, mwendo ufikapo kiasi fulani, mathalan noti 80, ambazo ni karibu kilometa 150 kwa saa, rubani mmoja hutamka namba na mwenzake hutazama kipimo chake na kuitika. Wakitofautiana, breki hukanyagwa, kwani njia bado ndefu. Rubani mkuu wa ndege ile alitambua kwamba chake hakifanyi kazi, akaendelea kuruka.

Lakini mrija ni kitu kimoja; kengele ni kitu kingine. Na hapa naja kwenye msiba wa jirani zetu, ambao kwa maoni yangu wafundisha kuliko yote.

Usiku wa tarehe 30 Januari 2000 ndege ya Kenya Airways, Airbus A310, iliondoka Abidjan, Kodivaa, kwenda Lagos, ikiwa na watu 179. Kiwanja kile kiko kando ya bahari; mbele ya ndege hapakuwa na taa wala mji, ila giza na maji. Mara tu magurudumu yalipoachana na ardhi, kengele ikalia. Ilikuwa kengele ile imwambiayo rubani kwamba mbawa zinakaribia kupoteza nguvu, na ndege itaporomoka. Rubani msaidizi ndiye aliyeshika usukani. Akafanya alichofundishwa tangu siku ya kwanza ya shule: akashusha pua ili mbawa zipate upepo tena. Kengele ilikuwa ya uongo. Ndege haikuwa ikiporomoka. Ilikuwa ikipanda salama, mpaka pale iliposhushwa. Kipimo cha kimo kilikuwa kizima na kilionyesha kwamba bahari inakaribia. Rubani mkuu alipaza sauti kuagiza wapande, lakini alichelewa. Tangu kuruka mpaka kugonga maji haikutimia dakika moja. Watu 169 walikufa, kumi wakaokoka.

Aliyesoma habari hiyo aweza kusema: basi, kengele isiaminiwe. Hebu na atazame habari ya pili. Tarehe 1 Juni 2009 ndege ya Air France, Airbus A330, ilikuwa juu ya Atlantiki usiku ikitoka Rio de Janeiro kwenda Paris. Barafu ikaziba mirija yake. Vipimo vya mwendo vikatofautiana, mtambo wa kujiendesha ukajitoa, na rubani msaidizi akavuta usukani, pua ikapanda. Kengele ile ile ikalia, na safari hii ilikuwa ikisema kweli. Ililia zaidi ya sekunde 50 mfululizo. Hakuna aliyeitii. Mirija ilizibuka baada ya kama dakika moja tu, kasoro yenyewe ikaisha. Lakini ndege ilikuwa imekwisha kuporomoka, ikashuka kutoka futi kama 38,000 hadi majini kwa muda wa dakika tatu na nusu. Watu 228 wakafa.

Kengele iliyodanganya iliaminiwa, na kengele iliyosema kweli haikuaminiwa. Basi si suala la kuamini wala la kutoamini. Shahidi mmoja hatoshi kumfunga mtu, wala hatoshi kumwachilia. Rubani wa Abidjan alikuwa na mashahidi wengine mbele yake, nacho kipimo cha kimo ni mmoja wao. Rubani wa Atlantiki naye alikuwa na pua iliyoinuka kupita kiasi na kimo kinachoyeyuka. Walichokosa wote wawili ni nafasi ya kuwauliza mashahidi hao. Nasema haya bila kuwalaumu marehemu. Mimi niandikaye nimeketi kitini, taa yawaka, na hakuna kengele inayonililia.

Ndiyo maana siku hizi marubani hukaririshwa jambo la kufanya kabla ya kufikiri jambo jingine lolote. Jambo hilo ni kwamba ndege kwanza iruke. Mtambo wa kujiendesha, usiojua kwamba unadanganywa, huzimwa. Kisha pua ya ndege huwekwa mahali panapojulikana, na injini huwekwa katika nguvu inayojulikana, kwa kuwa ndege iliyo hivyo haina namna ila kwenda kwa mwendo ulio salama, kipimo kiseme kisemavyo. Katika ndege za Airbus namba zenyewe huhifadhiwa moyoni kama jedwali la kuzidisha: mara tu baada ya kuruka, nguvu zote za injini na pua nyuzi 15, baadaye, chini ya futi 10,000, nguvu ya kupandia na pua nyuzi 10, juu ya hapo, nyuzi 5.

Dereva wa lori apandaye mlima kwenda Newala atanielewa upesi. Saa ya mwendo ikifa, hana namba, lakini anajua: gea ni ya pili, mafuta yamekanyagwa nusu, mlima ni huu huu wa siku zote, basi mwendo ni ule ule wa jana. Atafika juu bila kulitupa lori korongoni.

Ndege ikishatulia, kazi hugawanywa. Mmoja hushika usukani, na hiyo ndiyo kazi yake yote. Harekebishi kitu, habishani na mtu. Wa pili hufungua kitabu cha dharura, akasoma kwa sauti mstari kwa mstari. Kitabu hicho si dalili ya ujinga. Desturi ya kusoma orodha ilianza Marekani baada ya tarehe 30 Oktoba 1935, Boeing ilipoleta ndege mpya ya vita kufanyiwa majaribio, na rubani hodari wa majaribio akaruka bila kufungua kufuli la usukani wa mkia. Ndege ilianguka pale pale kiwanjani. Hakuwa mjinga, mambo ya kukumbuka yalikuwa mengi kuliko kichwa kimoja.

Baada ya hapo vipimo vitatu hulinganishwa: viwili vikikubaliana na kimoja kikapingana, kile kimoja huwekwa kando. Vikipingana vyote, hutafutwa shahidi wa nje. Waongozaji ndege walio chini waweza kusoma katika rada yao ndege inakwendaje juu ya ardhi, nao huombwa waseme.

Kwamba njia hii yaokoa, kuna ushahidi. Katika kiwanja cha Brisbane, Australia, nyigu wamekuwa balaa, hata kampuni za ndege zikashauriwa kuivisha mirija kofia zenye utepe mwekundu mara ndege inaposimama. Usiku wa tarehe 18 Julai 2018 ndege ya Malaysia Airlines, Airbus A330 yenye watu zaidi ya 200, ilivishwa kofia hizo na ikaondoka nazo. Fundi, wapakiaji na marubani, kila mmoja alipita karibu na ndege, na hapakuwa na aliyezivua. Mirija yote mitatu ilikuwa imefunikwa, maana yake mizani zote tatu zilikuwa bovu kwa pamoja. Marubani walilitambua jambo hilo kwa kuchelewa, wakiwa hewani gizani. Wakaishika pua na nguvu za injini, wakafuata kitabu, wakazima mitambo iliyolishwa na mirija, wakatumia kipimo cha akiba kisichoutegemea mrija, na waongozaji wakawasomea mwendo kutoka chini. Baada ya karibu saa moja walitua, na hakuna aliyeumia.

Angalieni jinsi dawa ya nyigu ilivyogeuka kuwa ugonjwa. Na huko Lima, Peru, tarehe 2 Oktoba 1996, wafanyakazi walioiosha Boeing 757 walibandika utepe juu ya vile vitundu vya ubavuni ili maji yasiingie, wakasahau kuubandua. Ndege iliruka usiku, vipimo vya mwendo na kimo vikachanganyikiwa vyote, na watu wote 70 wakafa baharini. Kipande cha utepe! Tunapowataja marubani tusiwasahau waosha ndege, mafundi na wapakiaji, ambao majina yao hayatangazwi katika spika.

Limebaki jambo ambalo naliona gumu kuliko mirija na kengele, nalo ni adabu.

Katika sehemu zetu, kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, mjomba ni mtu mkubwa. Ndiye asemaye juu ya posa, juu ya shamba na juu ya mazishi. Mpwa hamkatizi mjomba wake mbele za watu. Akiona amekosea, atangoja jioni, ataketi chini, ataanza kwa mbali. Ni desturi nzuri, nami sikulelewa kuidharau. Lakini ndege iliyo katika futi elfu moja haina jioni. Katika ile Boeing ya Puerto Plata rubani mkuu alikuwa mtu mzima aliyekwisha kuruka zaidi ya saa 20,000. Msaidizi wake alikuwa mgeni katika ndege ya aina ile. Wenzake waliona. Walisema kwa kudokeza, kwa maneno ya pembeni, na yule mkubwa hakuyasikia.

Wala si desturi ya taifa moja. Tarehe 27 Machi 1977, huko Tenerife, ndege mbili kubwa ziligongana kiwanjani katika ukungu, watu 583 wakafa, idadi ambayo haijapitwa na ajali nyingine yoyote ya ndege kugongana au kuanguka yenyewe. Katika ndege ya Kiholanzi mhandisi alikuwa ameuliza kama ile nyingine imekwisha kuondoka njiani. Rubani mkuu, mtu mashuhuri katika kampuni yake, alijibu kwamba imeondoka, na mhandisi akanyamaza. Baada ya msiba huo na mingine, wataalamu walikutana Marekani mwaka 1979 katika semina ya shirika la NASA, na kuanzia mwaka 1981 kampuni ya United ikaanza kuwafundisha marubani wake somo ambalo sasa ni la lazima karibu duniani kote: mkubwa kufundishwa kuuliza, na mdogo kufundishwa kusema waziwazi, kisha kurudia, na ikibidi kuushika usukani.

Watu wengine husema kwamba mitambo ya kisasa itatuondolea udhia huu wote. Msiba wa tarehe 10 Machi 2019 wajibu. Ndege ya Ethiopian Airlines, Boeing 737 MAX, iliondoka Addis Ababa kwenda Nairobi na kuanguka baada ya dakika sita. Walikufa watu 157, na Wakenya ndio waliokuwa wengi kuliko raia wa nchi nyingine yoyote. Ndugu yake ilikuwa imeanguka Indonesia tarehe 29 Oktoba 2018 pamoja na watu 189. Katika zote mbili kipimo kimoja cha pembe ya upepo kilidanganya, na mtambo uliowekwa na watengenezaji ukakiamini kipimo hicho kimoja pekee, ukawa unasukuma pua chini tena na tena, marubani wakivutana nao. Mashine ilifanya kosa ambalo mkulima wa Nanyamba hawezi kulifanya: ilipima mara moja, kwa mizani moja, ikaapa.

Siku moja kabla ya ajali ya Indonesia, ndege ile ile ilipatwa na ugonjwa ule ule na ikafika salama. Ndani ya chumba cha mbele alikuwamo rubani wa tatu, aliyepanda kama msafiri. Wawili wakipigana na usukani, kulikuwa na jozi ya macho isiyo na kazi. Swichi za kuukata umeme wa mtambo ule zilizimwa, na safari ikaendelea. Kasoro iliandikwa katika daftari la mafundi, lakini haikuandikwa kamili, na asubuhi yake ndege ikapewa watu wengine.

Ndege za aina hiyo zilizuiwa kuruka ulimwenguni kote tangu Machi 2019, na huko Marekani kizuizi kiliondolewa Novemba 2020, baada ya mtambo kubadilishwa ili ulinganishe vipimo viwili na ukae kimya vikitofautiana. Air Tanzania ilipokea 737 MAX yake ya kwanza mwaka 2023. Abiria anayepanda leo ana haki ya kujua kwamba usalama huo ulinunuliwa kwa bei gani.

Narudi kwenye safari yangu. Tulitua Dar es Salaam salama kabisa, na tukaketi katika ukumbi wa abiria kungoja ndege nyingine. Yule mfanyabiashara alikuwa kwenye simu akieleza hasara yake. Mzee wa Newala aliketi kimya, bakora katikati ya magoti, akihesabu saa. Ilipokaribia adhuhuri akapita rubani msaidizi wetu, binti asiyefika miaka thelathini, akivuta sanduku lake. Mzee akainua mkono, naye akasimama.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hicho kipimo kibovu, nani aliyekiona kwanza?"

"Niliona mimi, babu. Changu na cha mkubwa wangu vilikuwa vinasema tofauti."

"Kilichoharibika kilikuwa chako?"

"Hapana. Kilikuwa chake."

"Ukamwambia?"

"Nilimwambia. Akatazama changu, akatazama na kile cha akiba cha katikati, kisha akaniambia nishike mimi usukani, yeye asome kitabu."

Mzee alimtazama kwa muda, akamwombea dua fupi, akamwachia aende zake. Mimi nilitaka kumwuliza mengi zaidi, lakini nilimwona amechoka.

Tuliondoka saa tisa alasiri. Saa kumi, wakati maziko yalipokuwa yakiendelea Newala, sisi tulikuwa juu ya Kilwa. Mtwara tulilakiwa na vijana wawili, watoto wa yule marehemu, waliokuja na gari kumchukua mjomba wao. Walimwamkia kwa kuinama, na mkubwa wao akasema kwa sauti ya chini, "Utusamehe, mjomba. Tumezika bila wewe. Tuliona hatuwezi kungoja." Mzee akawashika mikono wote wawili, akauliza nani aliyeshuka kaburini, wakamtajia. Kisha akapanda gari, wakashika barabara ya Nanyamba na Tandahimba, na giza lilikuwa limekwisha kuingia.